William Osler

William Osler (Bond Head, Kanada, 12 Julai 1849 – Oxford, Uingereza, 29 Desemba 1919) alikuwa daktari na mwalimu wa tiba kutoka Kanada. Anajulikana kwa kufundisha wanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa, na kwa mchango wake katika kutambua maambukizi ya bakteria kwenye vali za moyo, yaani endokaditisi.

Maisha

Baba yake alikuwa mchungaji Mwanglikana. Osler alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1872. Baada ya masomo zaidi Ulaya alirudi McGill kufundisha, na huko alichunguza maiti nyingi ili kujua chanzo cha vifo. Mwaka 1884 alihamia Philadelphia, na mwaka 1889 Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 1892 alitoa kitabu cha tiba kilichotumika kwa miaka mingi. Kuanzia 1905 alikuwa profesa huko Oxford. Mwanawe Revere aliuawa vitani mwaka 1917.

Ugonjwa wa vali za moyo

Mwaka 1885 alitoa mihadhara mitatu London kuhusu endokaditisi. Wakati huo ugonjwa huu mara nyingi ulijulikana baada ya mgonjwa kufa, kwa sababu homa yake hufanana na homa ya matumbo au malaria. Osler alieleza kwamba vali iliyokwisha kuharibika hushambuliwa kwa urahisi zaidi, na kwamba vipande vinavyomeguka hapo hubebwa na damu hadi kwenye ubongo, figo au wengu.

Mwaka 1909 alieleza aina inayokwenda polepole, yenye homa ya miezi mingi. Alitaja vinundu vidogo vyenye maumivu kwenye vidole, ambavyo hutoweka baada ya muda mfupi. Hadi leo huitwa vinundu vya Osler.

Baada yake

Zama za Osler, kuutambua ugonjwa hakukumwokoa mgonjwa, kwani dawa haikuwepo. Penisilini ilibadilisha hali hiyo katika miaka ya 1940. Siku hizi daktari husikiliza moyo, huagiza damu ioteshwe maabara kabla ya kuanza dawa, na hupima vali kwa mawimbi ya sauti. Nchini Tanzania, ambako homa ya baridi yabisi bado huharibu vali za vijana, homa isiyoisha kwa mgonjwa wa moyo haifai kudhaniwa kuwa malaria tu.