Robert Koch: Aliyefundisha kumjua mdudu kabla ya kutafuta dawa

KUKU anapoanza kuchechemea, mguu umevimba kwenye kiungo na una joto, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo. Swali la ni kijidudu gani kimeingia kwenye kiungo hicho mara nyingi haliulizwi. Njia ya kulijibu ilianzishwa na daktari Mjerumani, Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal. Alihitimu udaktari Göttingen mwaka 1866, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya ya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland.

Huko mifugo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Akifanya kazi nyumbani kwake, aliwachoma panya kwa vijiti vyenye damu ya wanyama waliokufa, kisha akaotesha bakteria katika maji ya jicho la ng'ombe. Mwaka 1876 alithibitisha kuwa bakteria hao ndio chanzo, na kwamba huacha mbegu sugu ardhini. Ndiyo maana malisho yale yale yaliua mifugo mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1880 alihamia Berlin. Tatizo lake sasa lilikuwa kuwatenganisha bakteria waliochanganyika. Katika kipande cha kiazi kilichopikwa aliona madoa ya rangi tofauti, kila doa likiwa kundi la bakteria wa aina moja. Alijaribu jeletini, lakini iliyeyuka kwa joto. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, akapendekeza agari itokanayo na mwani, aliyoizoea jikoni.

Agari ndiyo inayotumika hadi leo. Mtaalamu huchota maji ya kiungo kwa sindano safi, hasa kutoka kwa kuku ambaye hajapewa dawa, huyapaka kwenye agari yenye damu na kuyaweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa takriban siku moja. Stafilokoko, ambaye hupatikana mara nyingi kwenye viungo vya kuku, huota hivyo, na ikolai pia.

Mycoplasma synoviae haioti kwenye agari ya kawaida, na kwa kuwa haina ukuta wa seli, penisilini haiiwezi. Virusi vya reo navyo huvimbisha miguu, na hakuna antibiotiki inayoviua. Dalili ni moja, visababishi ni vingi, na mfugaji anayebahatisha anaweza kupoteza fedha na kuku pia.

Machi 24, 1882 Koch alitangaza kumpata bakteria wa kifua kikuu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Hata hivyo, naye aliwahi kuikimbilia dawa. Mwaka 1890 alitangaza kuwa tuberkulini inatibu kifua kikuu, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Haikuwaponya, na baadhi walikufa. Baadaye tuberkulini ilipata kazi nyingine: kupima nani ameambukizwa, wakiwamo ng'ombe.

Afrika aliifahamu vizuri. Mwishoni mwa mwaka 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, sotoka ilipokuwa ikimaliza ng'ombe, akabuni kinga ya kuwadunga nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa huo. Mwaka 1897 na 1898 alifanya utafiti katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Visiwa vya Ssese, Uganda, akipambana na malale. Dawa aliyotumia, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden. Kanuni zinazobeba jina lake ni nyepesi kueleza: mdudu apatikane kwa mgonjwa, aoteshwe peke yake, alete ugonjwa uleule kwa mnyama mzima, kisha apatikane tena.

Mfugaji hahitaji kuzifanya mwenyewe. Inatosha kumpeleka maabara kuku mgonjwa, au aliyekufa muda mfupi uliopita, kabla ya kuanza dawa. Gharama ya kipimo hicho ilinganishwe na ile ya kulitibu banda zima kwa dawa isiyofaa.