Humphry Davy na Ulinzi wa Metali

Umekwisha kujifunza kwamba chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Metali nyingine nazo huliwa, hasa na maji ya chumvi. Sasa soma habari za mtu aliyegundua njia moja ya kuzilinda.

Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 huko Penzance, mji wa pwani ya Uingereza. Baba yake, mchonga mbao, alifariki mwaka 1794 akaacha madeni. Humphry akaenda kujifunza kazi kwa tabibu, na huko akaanza majaribio ya kemia. Mwaka 1807, kwa kutumia umeme, alikuwa mtu wa kwanza kupata metali za potasiamu na sodiamu. Alijaribu pia kuipata metali iliyofichika katika shabu. Hakufaulu, lakini jina alumini latokana na jina alilolipa metali hiyo.

Siku hizo merikebu za kivita za Uingereza zilikuwa za mbao. Chini zilifunikwa kwa mabamba ya shaba, lakini maji ya bahari yaliila shaba hiyo. Mwaka 1824 Davy alionyesha kwamba kipande kidogo cha zinki au chuma kikishikizwa kwenye shaba, hicho ndicho huliwa kwanza, nayo shaba husalimika.

Shaba ilisalimika kweli. Lakini mwani na viumbe wenye kombe waliganda juu yake, na merikebu zikaenda polepole. Unajua sababu? Shaba inapoyeyuka kidogo kidogo huwa sumu kwa viumbe hao. Shaba iliyolindwa haikuwadhuru tena. Wakuu wa merikebu wakaiacha njia ya Davy, naye akasikitika sana. Alifariki Geneva mwaka 1829.

Je, kazi yake ilipotea bure? La. Leo vipande vya zinki hushikizwa kwenye meli za chuma. Tazama pia ndege. Alumini ikichanganywa na shaba kidogo hupata nguvu, lakini mchanganyiko huo, yaani aloi, huliwa upesi kuliko alumini tupu. Kwa hiyo mabamba mengi ya aloi hiyo hufunikwa pande zote mbili kwa utando wa alumini tupu. Bamba likikwaruzwa, utando huliwa kwanza, na aloi hubaki salama.

Maswali
1. Zinki iliilindaje shaba?
2. Kwa nini viumbe wa baharini waliganda kwenye shaba iliyolindwa?
3. Utando wa alumini tupu unafanana vipi na zinki ya Davy?