Hugo Black: Seneta aliyewaumbua wapiga debe wa kampuni za umeme

MBUNGE mmoja wa Marekani alipokea mamia ya telegramu kutoka mji mdogo wa Warren, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1935. Zote zilipinga mswada wa kuvunja kampuni kubwa zilizohodhi biashara ya umeme. Kilichomshangaza ni kwamba majina mengi ya waliozituma yalianza kwa herufi za mwanzo za alfabeti.

Siri ilifichuka mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Hugo Black. Majina yalikuwa yamenakiliwa kutoka kitabu cha orodha ya wakazi, na kijana wa kusambaza telegramu alilipwa senti 3 kwa kila saini aliyoleta. Gharama ilibebwa na kampuni za umeme zenyewe.

Black, mwana wa mwenye duka, alizaliwa Februari 27, 1886, katika kaunti ya Clay, Alabama. Alikuwa wakili aliyetetea wafanyakazi kabla ya kuchaguliwa seneta mwaka 1926. Kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, alilojiunga nalo mwaka 1923, lilimsaidia kupata kura, na doa hilo lilimwandama hadi kaburini.

Mswada wa umeme ulitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt Agosti 1935. Wa pili, wa Black mwenyewe, ulitaka kila apigaye debe bungeni ajisajili na kutaja anayemlipa. Huo ulikwama mwaka 1936. Wakati huo Black mwenyewe alikuwa akilaumiwa, na si bila sababu, kwa kupekua maelfu ya telegramu za watu binafsi, hata mahakama ikaingilia kati.

Aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1937. Bunge lilipitisha sheria ya kusajili wapiga debe mwaka 1946, na mwaka 1954 kesi ya kuipinga ikafika mbele yake. Majaji wengi waliiokoa kwa kuipunguzia makali. Black, ambaye wengi wangetarajia aikumbatie, aliungana na Jaji William Douglas kuikataa kwa kuwa maneno yake hayakueleweka vyema kiasi cha kumtia mtu hatiani.

Black alifariki Septemba 25, 1971, siku chache baada ya kustaafu. Sheria hiyo iliendelea kutumika ikiwa na mianya tele hadi mwaka 1995, Bunge lilipoifuta na kupitisha nyingine.