Marafiki wa Daktari Livingstone

Sisi wa Gwarama twalijua jina la Daktari David Livingstone, maana Ujiji imo katika mkoa wetu huu wa Kigoma. Lakini marafiki zake wa nyumbani hatuwakumbuki.

Mmoja wao ni James Young wa Scotland, waliyejuana naye tangu masomoni huko Glasgow. Young alitajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na makaa ya mawe. Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866, serikali ya Uingereza ilitoa pauni 500. Young peke yake alitoa pauni 1,000.

Mwaka 1871 Livingstone aliingia Ujiji mgonjwa, amekonda, akakuta vitu alivyopelekewa vimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Barua nazo hakuwa amezipata kwa muda mrefu. Ndipo Stanley akafika na mfuko wa barua. Mzee akasoma kwanza za watoto wake, uso ukang'aa. Kumbe hakusahauliwa! Naye hakuwasahau waliomsaidia: mto mmoja wa bara aliupa jina la Young.

Alifariki mwaka 1873. Susi, Chuma na wenzao waliichukua maiti yake mpaka pwani, na Young akawalipia hao wawili safari ya Uingereza.

Ndugu, wengi wetu tuna watoto wanaotumika mbali. Tuwaombee, tena tuwaandikie. Na anayesaidiwa asichelewe kushukuru.