Franco Luambo: toka mupiga gitare wa studio mpaka mwenye disiki

François Luambo Makiadi, ambaye wengi wanamujua kwa jina la Franco, alizaliwa Sona-Bata tarehe 6/7/1938. Papa yake alikufa yeye akingali mutoto. Mama yake alikuwa anauzisha mikate sokoni Léopoldville, na Franco alikuwa anapiga gitare pembeni ya meza ili wateja wakaribie. Ebengo Dewayon ndiye alimufundisha.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alitia sahihi mukataba wa miaka 10 na studio Loningisa, ya Mugiriki Papadimitriou. Kazi yake ilikuwa kusindikiza waimbaji wengine. Disiki zilikuwa mali ya studio. Mwaka 1956, yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz.

Kisha uhuru wa inchi, Franco alifungua nyumba yake mwenyewe ya kutoa disiki: Éditions Populaires. Sasa ni yeye alikuwa anaamua wimbo gani utoke. Hiyo haikumukinga na yote: mwaka 1978 serikali ilimufunga sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi.

Alikufa Ubelgiji tarehe 12/10/1989. Inchi nzima ililia kilio siku 4.

Kwa vijana wanaorekodi leo Bengamisa na Kisangani, swali lingali lilelile: kisha kutoka studio, wimbo ni wa nani?