Michael Faraday na Sauti ya Redio Yako

Ndugu msomaji wa Rwamgasa, huenda nyumbani kwako ipo redio. Wengine hutumia betri, wengine sola, na wengine umeme wa waya. Jioni unaifungua usikie taarifa ya habari au muziki. Mara sauti inavuma. Mara inakwaruza. Karasha la jirani likiwashwa, taa inafifia na sauti inalegea. Unaanza kufikiri uuze gunia la mpunga ili ununue redio kubwa zaidi.

Ngoja kwanza. Soma habari za mtu mmoja aliyeitwa Michael Faraday. Amekwisha kufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, lakini kazi yake imo ndani ya redio yako.

UTOTO WAKE

Michael alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington, kando ya jiji la London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi. Mzee huyo aliugua mara kwa mara, kwa hiyo hakuweza kufua chuma kila siku. Njaa iliijua nyumba yao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1801, nafaka ilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja tu ale kwa wiki nzima.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kidogo. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Alipofika umri wa miaka 13 alianza kazi kwa Bwana Riebau, mwuza vitabu. Kwanza alitumwa kupeleka magazeti. Mwaka uliofuata akawekwa kujifunza kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 7.

Michael hakuishia kuvishona vitabu. Alivisoma. Katika kitabu kimoja alikuta habari za umeme. Akatumia senti zake chache kununua chupa na vipande vya madini, akajaribu mwenyewe yale aliyoyasoma. Hakutaka kuamini jambo mpaka alione kwa macho yake.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza mtaalamu mkubwa, Humphry Davy. Michael alisikiliza, akaandika yote, akayajalidi yakawa kitabu, kisha akampelekea Davy. Mwezi Machi, 1813, Davy alimpa kazi ya usaidizi katika maabara ya taasisi iitwayo Royal Institution. Kijana huyo alikuwa na miaka 21.

ALIYOYAGUNDUA

Mwaka 1821 Faraday alipitisha umeme katika waya uliokuwa karibu na sumaku. Waya ule ukaanza kuizunguka sumaku. Leo, ukimwomba fundi akuonyeshe spika, utaona nyuma yake sumaku. Ndani yake upo waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita katika waya huo, sumaku huusukuma mbele na nyuma. Waya unatikisa karatasi ya spika, nawe unasikia sauti.

Tarehe 29 Agosti, 1831, alichukua pete ya chuma. Akazungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Nyaya hizo hazikugusana. Alipowasha umeme upande wa kwanza, na tena alipouzima, umeme ulionekana kwa muda mfupi upande wa pili. Hiyo ndiyo asili ya transfoma. Transfoma hupunguza umeme wa volti 230 uwe mdogo kiasi kinachofaa redio.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo alisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa, na umeme ukatokea. Mitambo ya Kidatu, ya Mtera na ya Bwawa la Julius Nyerere huzalisha umeme kwa kanuni hiyo.

Mwaka 1836 alijenga chumba cha mbao, akakizungushia waya na karatasi za madini. Akakitia umeme mkali kwa nje, naye akaingia ndani na vipimo vyake. Ndani hakukuta umeme hata kidogo. Kwa sababu hiyo waya mzuri wa kupeleka sauti kwenye spika kubwa yenye amplifaya huvikwa wavu wa shaba. Wavu huo huzuia uchafu wa umeme wa nje usiingie.

Jina lake pia limo ndani ya redio. Kipo kifaa kidogo kiitwacho kapasita. Hufanya kazi kama tangi la maji. Umeme ukija kwa mawimbi, kapasita hujaza mabonde, umeme ukatulia. Kipimo chake huitwa faradi, kwa heshima ya Faraday, nacho huandikwa kwa herufi F.

MEZA ZILIZOZUNGUKA

Mwaka 1853 ulizuka mchezo huko London. Watu waliketi kuzunguka meza na kuweka mikono juu yake. Baada ya muda meza ilianza kuzunguka. Wengine walisema ni mizimu, wengine walisema ni umeme. Faraday alitengeneza kifaa kidogo cha kupima mkono unasukuma upande gani. Ikaonekana kwamba watu wenyewe walikuwa wakiisukuma meza bila kujua. Hawakuwa waongo. Walitazamia meza izunguke, na mikono yao ikafuata matazamio yao.

Ndugu msomaji, sikio nalo hudanganyika hivyohivyo. Mtu akilipa fedha nyingi kwa waya wa kung'aa, atasikia sauti imekuwa tamu hata kama haikubadilika.

FANYA KAMA FARADAY

Kumbukumbu ya Faraday ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo aliandika kila jaribio katika daftari na kulitia namba. Nawe chukua daftari lako la kisomo, ujaribu jambo moja kwa wakati mmoja.

1. Kama unatumia betri, weka mpya zote pamoja. Usichanganye mpya na za zamani. Betri zikichoka, sauti hukwama na kukoroma.

2. Kama unatumia sola, na redio yako ni ya volti 12, iunganishe na betri ya volti 12 kwa waya mfupi na mnene. Waya mrefu na mwembamba hupoteza nguvu njiani.

3. Redio ikikwaruza, zima chaja za simu na taa moja baada ya nyingine. Kile ambacho kikizimwa mkwaruzo unakoma, kiweke mbali na redio.

4. Umeme ukipanda na kushuka kwa sababu ya makarasha, stabilaiza husaidia. Ndani yake imo transfoma. Lakini mahali ambapo umeme umetulia, stabilaiza haiongezi utamu wa sauti.

5. Redio ya umeme ikivuma mfululizo, huenda kapasita imezeeka. Mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe, kwani kapasita yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa waya.

6. Ukishawishiwa kununua kifaa cha bei kubwa, omba ukijaribu kwanza. Geuka, mtu mwingine akiunganishe au akiondoe bila kukuambia. Fanyeni hivyo mara 10, mkiandika majibu. Usipoweza kutambua tofauti, gunia lako la mpunga na libaki nyumbani.

MWISHO WAKE

Faraday alipewa nafasi ya kuwa na cheo cha Sir, akakataa. Mara mbili aliombwa awe rais wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa nchi yake, akakataa pia. Hesabu ngumu hakuzijua. Waliozijua, kama James Clerk Maxwell, waliyachukua maandishi yake wakayaendeleza. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, akazikwa Highgate, London, katika kaburi la kawaida.

Mtoto wa mhunzi alianza na kusoma, kuandika na kuhesabu. Wewe nawe umekwisha kuanza na hayo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Faraday alipata wapi habari za umeme kwa mara ya kwanza?
2. Spika hutoa sauti kwa njia gani?
3. Kwa nini meza zilizunguka mwaka 1853?
4. Redio ya nyumbani kwako ina tatizo gani? Utaanza kujaribu nini? Andika sentensi 3.