Jimmie Rodgers: Mtu wa Reli Aliyegeuka Hadithi

Katika toleo hili nimeonelea niwaletee ndugu zangu tuliosoma zamani, pamoja na ninyi vijana mlioko madarasani, maisha ya Jimmie Rodgers, Mmarekani aitwaye baba wa muziki wa kantri. Sisi wa Handeni na Korogwe, tuliokua na reli ya Tanga, tutamwelewa upesi.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1897, akakulia Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye angali mdogo. Baba yake alisimamia kikosi cha wajenzi wa reli, na kijana naye akawa mfunga breki wa garimoshi. Huko relini alizisikia nyimbo za wafanyakazi weusi, akazishika. Mwaka 1924 akapatikana na kifua kikuu, maradhi ambayo leo yanatibika lakini wakati ule hayakuwa na dawa. Kazi ya reli ikamshinda.

Basi akalitegemea gitaa. Tarehe 4 Agosti, 1927, alirekodi nyimbo mbili za kwanza mjini Bristol, Tennessee. Muda si muda santuri zake zikaenea, watu wakipenda alivyoipandisha sauti yake ghafla na kuishusha. Mwaka 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, wakati ambapo kwao Mississippi ubaguzi ulikuwa sheria. Mei 1933, huko New York, alirekodi akijilaza kitandani kila baada ya wimbo ili apate pumzi. Siku chache baadaye, tarehe 26, alifariki akiwa na miaka 35.

Santuri zake zilifika hata Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha. Ndiye Jimmie Rodgers huyo, ila kwao amekuwa kiumbe, nusu mtu nusu swala! Sauti ilifika salama. Habari za mwenyewe zilipotea njiani.

Ikiwa mtu mwenye santuri nyingi alisahaulika hivyo, atakuwaje manju wa ngoma wa Kwamsisi asiye na hata moja? Vijana, likizo ijayo chukueni daftari mwende kwa wazee. Andikeni jina la manju, kijiji chake na nyimbo alizotunga, maadamu wanaomkumbuka wangali hai.